Kijiti cha Redio ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mambo yamepamba moto! Jumamosi saa nne asubuhi chama chetu cha wapenda redio kinashindana. Mwenzetu aliye mbali atarusha ishara dhaifu kwa mawimbi marefu, na wa kwanza kuidaka ndiye bingwa. Mwanachama mmoja, tunayemwita Waya Mrefu, ameshajitangaza mshindi. Amevuta waya kutoka paa lake hadi paa la jirani, sasa anatembea kifua mbele. Mimi natumia akili. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi cha feraiti, ndicho kinachodaka mawimbi. Unganisha vingi, zungushia waya wa shaba, vinasikia hata mnong'ono. Vitano nimevitoa kwenye redio mbovu. Nahitaji sita. Mke wangu kauliza cha sita kitatoka wapi. Nimemwambia hilo aniachie mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimekipata! Redio ya Baba. Alikuwa anaoga. Nimechomoa kijiti, nikachomeka kipande cha mpini wa ufagio mahali pake. Kazi safi, dakika sita. Nimekiazima tu.

Mchana Baba alilalamika kwamba redio inanong'ona. Akafungulia sauti hadi mwisho, akaitikisa, akaniuliza kama mimi naisikia. Nikasema naisikia vizuri kabisa. Sijui maneno yale yalinitoka vipi. Baba akajigusa sikio.

Alhamisi, 6 Juni

Antena imekamilika! Vijiti sita kwa gundi kali, waya raundi mia mbili. Ukiyaelekezea mawimbi ubavu wake inasikia, ukiyaelekezea ncha inakuwa kiziwi. Leo imenipa mlio wa mbali mno. Nilitamani kurukaruka.

Kwa Baba mambo si mazuri. Amemwomba mke wangu amsomee gazeti. Hataki habari zenyewe, anataka kuihifadhi sauti ya mkwewe kabla haijampotea. Kisha akampigia simu Shangazi, akamwomba aimbe wimbo wao wa utotoni. Shangazi akaimba huku analia, simu ikiwa kwenye spika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Moyo uliniuma, nakiri. Lakini zimebaki siku mbili tu! Mtu mzima anaweza kuvumilia siku mbili.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kampeleka Baba kwa daktari wa masikio. Mimi nilisingizia kazi. Wamerudi: masikio hayana kasoro hata chembe. Nikashusha pumzi.

Baba hakushusha. Alikaa kwenye kiti chake, akasema polepole kwamba kama si masikio, basi ni akili. Kwamba hata Babu alianza hivyo hivyo, na mwishowe hakumjua mtu. Akaniomba, siku hiyo ikifika, nisimfokee.

Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tatu na nusu, antena mezani, kila kitu tayari. Baba akapita, akaitazama redio yake, hakuiwasha. Nikashindwa kuvumilia. Nikaikamata antena, nikavuta kijiti chake. Gundi ile haina huruma! Kijiti kikakatika vipande viwili, na antena yote ikasambaratika. Nikaunganisha vile vipande, nikavirudisha ndani ya redio, nikamwita Baba na kumweleza yote, mpaka habari ya ufagio.

Redio ikanguruma. Baba hakufurahi, wala hakunifokea. Aliniuliza jambo moja tu: Shangazi alipokuwa anaimba na mimi nimesimama pale mlangoni, nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza Jumamosi.

Waya Mrefu ameshinda saa nne na dakika mbili.

Jumapili, 9 Juni

Baba amenisamehe, kwa sharti. Alinikalisha mbele ya mke wangu, nikaapa kutogusa tena redio ya mtu yeyote wa nyumba hii. Niliapa kwa dhati, machozi yakinilengalenga. Mtu hurudi kundini kwa namna hiyo. Najisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Mama mkwe anakuja Alhamisi, atakaa wiki mbili. Mke wangu anasema hasafiri bila redio yake kubwa ya mbao, ya zamani. Redio za aina ile huwa na kijiti kirefu, kinene, cha kupendeza. Nimelitafakari suala hili kwa utulivu mchana kutwa. Mama mkwe ni mgeni. Si mtu wa nyumba hii.