Mistari Kumi na Minne ya Bawa la Kushoto

Kru, kru, kru. Idara ya Ndege inapenda kuutangazia umma wa Patna kwamba mkwaruzo huo unaosikika gizani kabla ya alfajiri si panya, ni maendeleo. Ni mke wa mchoraji Karamat Husain anasaga rangi za Idara kwa mkono mmoja. Mkono wa pili, kwa mujibu wa uchunguzi wangu, humwandikia bintiye Mehru herufi kiganjani. Nimeona hakuna madhara, nikaruhusu.

Mimi ni Munshi Bansidhar, karani mkuu. Sahibu wetu, Bwana Hartwell, anawahifadhi ndege wote wa India, na ili wasipotee huwapiga risasi. Karamat huwachora. Nilimsomea kanuni: mchoraji haweki jina.

"Munshi-ji, mwaka wa kumi na moja huu nachora. Jina tu, padogo, pale pembeni."

"La nini? Ndege umemtaga wewe?"

"Na Sahibu je, kamtaga? Mbona kila ndege anaitwa Hartwell?"

Nikamwambia aache ujuaji.

 Wiki ile akaleta picha ya kigogota, kazi ya brashi ya manyoya ya kindi. Sahibu akaikagua kwa kioo cha kukuzia mpaka jasho likamdondoka puani. "Mistari kumi na minne! Bawa la kushoto tu! Haijapata kuonekana duniani!"

Mimi, niliyesoma Kiajemi miaka tisa, niliinama nikaitazama mistari ile. Niliielewa vizuri sana. Kisha nikapiga muhuri: *manyoya*, kwa kuwa Sahibu alikwisha kusema ni manyoya.

Wawindaji wakaleta vigogota sitini walio hai. Wote walikataliwa kwa kosa la kutofanana na picha.

Leo wamefika mabwana wataalamu kutoka London. Karamat kaitwa aishike picha. Mehru kang'ang'ania pindo la kanzu yake.

"Maumbile yanatuambia nini kwa mistari hii?" Sahibu akauliza, nami nikatafsiri kwa sauti kubwa, maana ndiyo kazi yangu.

Wataalamu wakakuna videvu. Mmoja akataja upepo. Mwingine akashuku chakula. Mimi nikavitazama viatu vyangu.

Mehru akaweka kidole kwenye bawa, akakipitisha taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, kama anavyofundishwa kiganjani.

"Hapa pameandikwa jina la baba yangu," akasema.