Malalamiko ya Mgonjwa Aliyenyolewa Tumbo Asipasuliwe

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu za Wagonjwa,

Pole na kazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima, basi afadhali wewe uko karibu na dawa. Mimi ni fundi wa makochi, mgonjwa wenu wa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, yule aliyemeza msumari. Sisi mafundi wa makochi misumari midogo huwa tunaibana midomoni ili mikono ibaki huru. Siku ile ilinijia chafya, nikavuta pumzi kwanza kama afanyavyo kila mtu, na msumari ukafuata pumzi.

Matibabu yenu sina neno nayo. Nalalamikia mlivyoyaandika. Kwenye karatasi yangu ya kuruhusiwa, mahali pa namba ya upasuaji, pameandikwa "hakuna". Karani wako alinieleza kwa upole kwamba ndivyo unavyotaka mwongozo wenu, ule unaoipa kila huduma namba yake ya kuandikwa. Mheshimiwa, Jumamosi hii mama mkwe wangu anahamia ghorofa ya nne, na ana kabati la mbao ngumu, milango mitatu. Kikao cha familia kimepitisha kuwa mwanamume asiyebeba ni aliyepasuliwa tu. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alipasuliwa henia zamani hizo na mpaka leo hanyanyui hata birika. Karatasi yangu ilisomwa kikaoni kwa sauti, na mashemeji wakacheka mpaka wakashikana mabega. Iliniuma sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwongozo unasema upasuaji ulioahirishwa kabla ya kisu kugusa ngozi haupewi namba. Lakini mimi nilipungukiwa na nini zaidi ya hicho kisu? Nilikaa na njaa. Nilitia sahihi. Nilinyolewa tumbo, nikachorwa mstari wa kalamu ya buluu. Nilivikwa lile gauni lililo wazi nyuma na kusukumwa ukumbini mbele ya wageni wa watu. Nilimuaga mke wangu na kumsamehe mambo ambayo leo najuta kwa nini niliyasamehe. Kufika mlangoni pa chumba cha upasuaji, tumbo likaniomba ruhusa. Nikapewa beseni, msumari ukatoka wenyewe, muuguzi akiwa shahidi. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nguo mlinivua nyinyi.

2. Nikamuuliza karani, basi angalau kule kunyolewa? Akasema kunyoa hakupewi namba yake, kwa kuwa kumo ndani ya upasuaji. Upasuaji upi, mheshimiwa? Ule ambao hapo juu mmesema haukuwapo? Basi kunyolewa kwangu ni yatima. Hakuna baba wala mama, na tumbo linawasha.

3. Mwongozo unasema huduma kuu ni ile iliyoondoa tatizo lililomleta mgonjwa. Langu liliondolewa na beseni. Karani anadai kwenda haja hakuna namba kwa sababu kila mtu huenda. Kila mtu huenda, sikatai, lakini si kila mtu huacha msumari. Naomba huduma hiyo iandikwe, na mahali pa jina la daktari aliyeifanya niandikwe mimi. Muuguzi alisimama tu.

4. Mwongozo unaruhusu yaliyofanywa siku chache kabla ya kulazwa yahesabiwe, mradi yanahusiana na ugonjwa wenyewe. Hapa nilifurahi. Kabla sijaletwa kwenu, mke wangu alinimezesha mabonge ya mkate bila kutafuna. Jirani yangu fundi baiskeli alinining'iniza kichwa chini na kunitikisa. Mama mkwe akanikandamiza tumbo kwa goti mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Karani akajibu kwamba ni lazima yawe yamefanyiwa hospitalini. Haya. Lakini goti lile mama mkwe alilirudia wodini alipokuja kuniona, muuguzi akiwa amegeuka. Mbona nalo halimo?

5. Sasa ombi langu. Sitaki makuu. Niandikieni upasuaji, hata uwe mdogo. Na kama mwongozo haukiukwi, basi tuutimize: niiteni kabla ya Jumamosi mnipasue. Mstari wa buluu bado upo, nimeutunza kwa kutopitisha sabuni sehemu hiyo. Ndani msiguse chochote, huko hakuna ubovu. Nataka mshono wa kuonekana, uuzidi wa mwanyumba kwa upana wa kidole kimoja. Nitakuja nimeshajinyoa, msisumbuke na yatima wa pili.

Nisalimie daktari aliyenoa kisu bure, muuguzi shahidi, mpishi wa uji, na mzee wa kitanda cha pili ambaye kukoroma kwake nako kungestahili namba. Karani pia msalimie, sina kinyongo naye.

Ni mimi, mgonjwa wenu ambaye bado hajaisha kutibiwa,
Fundi wa Makochi

Baada ya sahihi: Mheshimiwa, mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaenda kumsimulia mama yake. Mama mkwe amelia. Anasema mkwe anayekwenda kupasuliwa haachiwi watu baki, hivyo ameghairi kuhamia ghorofani. Anahamia kwetu, aniuguze mwenyewe mpaka mshono ukauke na hata baada ya hapo. Ameshaanza kukunja mapazia. Nimeutafakari upya mwongozo wenu na nimeuona ni wa haki tupu, kifungu kwa kifungu. Sikupasuliwa. Sitaki kupasuliwa. Ikiwezekana, futeni hata kulazwa. Tafadhali nipigieni muhuri kwamba mimi ni mzima kabisa, na mumpe mke wangu karatasi hiyo akija, maana mimi hatanikuta nyumbani. Nimeazima kamba, nakwenda kulipandisha kabati ghorofa ya nne leo hii, peke yangu.