Jinsi Wahakiki Walivyoipokea "Askari wa Shemeji"

...na ndiyo maana nilikuwa nasema, kabla spika haijaanza kukoroma, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Wakuu wa Idara, manaibu wao, makaimu wa manaibu hao, ndugu wahakiki wa magazeti na redio, na wewe mke wangu kipenzi, ua la moyo wangu, uliyekaa safu ya pili na gauni lile la njano, kwamba tathmini shirikishi ya Idara ya Filamu imethibitisha pasipo shaka kuwa filamu yetu, "Askari wa Shemeji", imepokelewa vizuri kuliko filamu yoyote katika historia ya jengo hili. (Makofi.)

Ni filamu ngumu, ya vichochoro na bastola, ya mpelelezi anayetakiwa kumkamata kaka wa mkewe. Amtii mkuu wa kituo, au amlinde shemeji? Moyo wake umegawanyika vipande viwili. Wangu mimi, tangu harusi ya juzi, ni kipande kimoja tu, na kimekaa safu ya pili! (Vigelegele. Mke anainamisha uso.)

Sasa, wapo wanaouliza mapokezi ya wahakiki yalikuwaje. Nitajibu kwa takwimu. Asilimia mia moja na nne ya wahakiki walipokelewa getini, wakapewa soda baridi, viti vya mito na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, kwa kuwa katika mpango mkakati wetu mapokezi ndiyo kiashiria namba moja, na nguvu zote za Idara, kwa uratibu wangu mwenyewe, zilielekezwa huko. (Sauti kutoka nyuma: "Na filamu je, mzee?") Swali zuri sana, litaundiwa kamati. Mhakiki mmoja wa redio alitamka, "Nimekaa jioni nzima nikitazama ukuta mweupe, karibu nilie." Hayo, ndugu zangu, ni machozi ya sanaa! (Kicheko.)

Amebaki mhakiki mmoja tu, ambaye mhariri wake anasubiri makala leo hii, na mhakiki huyo ni mke wangu. Asubuhi, akinifunga tai kwa vidole vile laini, aliniambia, "Mpenzi, nakupenda, lakini naandika nilichokiona. Nionyeshe filamu, la sivyo utaipoteza kazi yako hiyo." Jamani, sauti ile! Hata akinitisha naona kama ananiimbia. Nikamjibu, "Malaika wangu, andika tu kwamba imepokelewa vizuri. Kwani wewe hukupokelewa?" (Mke anasimama na mkoba wake.) Kaa kidogo, mpenzi, namalizia. (Mke: "Maliza tu, mume wangu. Mimi nimeshaandika na nimeshatuma. Nakwenda kwa mama." Miguno.) Mmesikia? Ameandika! Mpigieni makofi!

Mapokezi bora! (Wachache: "Kwa wote!") Wahakiki hoyee! (Wahakiki wanavua vitambulisho.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru mtunzi wa hadithi, ambaye tutamteua. Mwongozaji, ambaye nafasi yake itatangazwa. Waigizaji, popote walipo. Na mpiga picha, ambaye tukimpata tutamtafutia kamera. Bila wao wote, kama mlivyoona wenyewe, tumefanikiwa.

Na wewe mke wangu, unayetoka kwa mlango wa dharura kwa maringo yale yale yaliyoniteka, mwambie mama mkwe asihangaike: kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kwenu, kwa ziara rasmi, bila msafara, na nadhani bila cheo.