Misiba Kumi na Miwili ya Alhamisi

Kitu cha kwanza alichokiona Chizuru Jumatatu asubuhi kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Kwenye kalenda ya ukutani, chini ya tarehe ya Alhamisi, palikuwa na maandishi madogo: siku ya kuvuta rafiki. Mji mzima wa Hoshikubo unajua maana yake. Siku hiyo hakuna mazishi, kwa sababu marehemu anayeagwa siku hiyo humshika mkono mwenzake wakaondoka wote. Hata tanuri la kuchomea maiti hufungwa, na watu wake huenda kuvua samaki.

Chizuru aliona, akarudi mezani kwake. Alikuwa karani wa muda, meza yake imebanwa kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo. Katika miaka miwili ya kazi ofisini hapo alikuwa amesikika akisema mambo matatu tu: ndiyo, samahani, na chai iko tayari.

Wengine hawakuitazama kalenda. Walikuwa wakisoma tangazo.

"Ofisi ya Mji wa Hoshikubo inawatangazia wananchi wote kwamba furaha itakayotokea Alhamisi, kufuatia kutolewa kwa mchezo wa video uitwao Joka la Chumvi, Sehemu ya Tisa, imepangwa, imegawanywa na kuidhinishwa. Kila mwananchi atafurahi kwa zamu yake."

Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Furaha alikuwa Mkuu wa Idara, Bwana Kurobane, mtu aliyepima urefu wa kamba za viatu vyake kwa rula. Kamati ilikaa vikao tisa. Iliamua kwamba kushangilia kunaruhusiwa mara mbili, ya pili iwe ya sauti ya chini. Iliamua foleni ya dukani ipinde kushoto, kwa kuwa kulia kuna benki, na watu wa benki hawapendi kuonekana karibu na furaha. Jumanne ikafanyika foleni ya majaribio. Watu mia tatu walijipanga mbele ya duka lililofungwa, wakasubiri saa mbili, wakafika mlangoni mmoja mmoja, wakauinamia mlango, wakarudi makwao. Zoezi lilitangazwa kuwa limefana. Mzee mmoja aliomba lirudiwe.

"Mchezo wenyewe ni ugonjwa," Bwana Kurobane aliwaambia wafanyakazi asubuhi iliyofuata, wakiwa wamesimama mistari miwili. "Mtu mzima na akili zake anakaa kutwa nzima kufukuza joka! Anayetaka ruhusa ya kesho aandike sababu. Na iwe sababu nzito."

Kufika mchana sababu nzito zilikuwa zimejaa trei. Wafanyakazi kumi na mmoja walikuwa wamefiwa. Bwana Minegishi wa dawati la maji alikuwa amefiwa na shangazi yake. Shangazi huyo huyo alikwisha kufa ilipotoka Sehemu ya Saba, akafa tena, kwa ghafla zaidi, ilipotoka ya Nane.

Chizuru naye alijaza fomu. Penye sababu aliandika: Kucheza Joka la Chumvi na bibi yangu.

Hakujua kuandika kitu kingine, maana ndivyo ilivyokuwa. Bibi ndiye aliyemlea, na sehemu zote nane walizicheza pamoja, bibi akisoma ramani, yeye akishika upanga. Ijumaa asubuhi bibi alikuwa anahamia makao ya wazee, chumba cha watu wanne, televisheni moja, na hiyo moja ni ya kutazama hali ya hewa. Alhamisi ndiyo siku iliyobaki.

Minegishi aliichungulia fomu ile, nusura amwage chai.

"Dada, una wazimu? Ua mtu! Huna hata mjomba?"

Chizuru alitikisa kichwa.

"Basi azima kwangu. Nina mama wadogo wawili wapowapo tu."

Fomu ikaenda kwa Mkuu. Ofisini pale kila mtu ana muhuri wake badala ya sahihi, na wa mdogo hugongwa ukiwa umeinama kidogo kuelekea muhuri wa mkubwa, kama mtu anayetoa heshima. Muhuri wa Chizuru uliinama mpaka ukakaribia kulala. Wa Bwana Kurobane ulisimama wima. Juu yake aliandika: Imekataliwa.

"Hii siyo sababu," alisema.

Chizuru alifungua mdomo.

"Ndiyo, najua ni kweli. Lakini fomu haina mahali pa kweli. Wenzako wamefiwa, wewe unaleta michezo?"

"Samahani," alisema Chizuru.

"Tena kwa kuwa utakuwepo, utawakilisha ofisi. Kanuni inasema kila mfiwa apelekewe shada la maua, na familia igonge muhuri kwenye hati ya kupokea. Hati zote jioni ziwe mezani kwa Meya. Isikosekane hata moja."

Alhamisi asubuhi Chizuru alilikuta gari dogo la ofisi limejaa maua meupe. Orodha ilikuwa na majina kumi na mawili. La mwisho lilikuwa limeongezwa kwa mkono: Bwana Kurobane, Mkuu wa Idara. Mama mkwe. Ghafla. Mazishi saa nane mchana.

Alimsoma mama mkwe mara mbili, akawasha gari.

Kwa Minegishi mlango ulifunguliwa na Minegishi mwenyewe, amevaa nguo za kulalia.

"Pole kwa msiba," alisema Chizuru, akainama.

"Msiba gani?" Macho yakamtoka. "Aaa! Asante, dada. Tumeumia sana." Nyuma yake joka lilinguruma. "Huyo ni mjomba, analia."

Akagonga muhuri haraka, akakimbilia kilio.

Nyumba kumi na moja zilikuwa hivyo hivyo. Katika nyumba ya saba marehemu alikuwa anakaanga mayai. Kila mlango ulipofungwa, Chizuru alimfikiria bibi, miguu chini ya blanketi, boksi la mchezo mapajani, halijafunguliwa. Alikuwa amesema hatalifungua peke yake.

Saa nane kasoro robo alifika kwa Mkuu. Mlango ulifunguliwa na kikongwe mfupi mwenye kisu cha kumenyea figili mkononi. Alivaa miwani, akasoma utepe wa shada kwa sauti.

"Marehemu Bi Isoe, mama mkwe wa Mkuu wa Idara." Akavua miwani. "Bi Isoe si mimi?"

"Samahani," alisema Chizuru.

"We Kurobane! Njoo uone maiti imefungua mlango!"

"Subiri mama!" sauti ikajibu toka ndani. "Nikiachia sasa hivi linanimeza!"

"Njoo kabla sijakumeza mimi!"

Bwana Kurobane akatokea. Kifuani fulana yake ilikuwa na picha ya joka, na mkononi bado ameshika kidude cha kuchezea.

"Aa, Chizuru. Hii ni... ni kazi ya Kamati. Tunamchunguza adui kwa karibu."

"Nimekufa kwa nini?" aliuliza Bi Isoe.

"Ghafla, mama," alijibu Mkuu, kwa mazoea ya kujibu maswali ya kiofisi.

Bi Isoe aliichukua hati mikononi mwa Chizuru. Penye jina la mpokeaji akaandika lake. Penye uhusiano na marehemu akaandika: Ndiye mwenyewe. Akaleta muhuri wake toka kabatini, akaugonga wima.

"Mama! Hiyo inakwenda kwa Meya!"

"Iende. Asome."

Chizuru akaitia hati kwenye bahasha ya Meya pamoja na zile kumi na moja, akaifunga kwa gundi. Kisha akatoa mfukoni fomu yake iliyokataliwa, akamnyooshea Mkuu kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Bwana Kurobane aliitazama fomu, akaitazama bahasha. Akafuta neno lake kwa mistari miwili, akatafuta muhuri.

"Inamisha," alisema Bi Isoe.

Akainamisha kidogo kuelekea muhuri wa Chizuru.

"Inamisha tena. Mtoto wa watu kabeba maua tangu asubuhi."

Muhuri wa Mkuu wa Idara ukagongwa umelala kabisa.

"Chizuru," alisema kwa sauti ya chini, "ulijua tangu lini?"

Chizuru aliikunja fomu. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Tangu Jumatatu, Mkuu. Leo ni siku ya kuvuta rafiki. Tanuri limefungwa, wachoma maiti wako mtoni wanavua. Hoshikubo nzima hakuna anayezikwa leo, na ninyi nyote mnajua kusoma kalenda. Mimi nilisema kweli. Sasa nakwenda kucheza na bibi yangu."