Mikate Niliyomwandalia Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha, wadau, tena ndani ya nyumba yangu mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Nimempa mama mkwe mikate mitupu mchana, nikaamini nimempa chakula.

Mama kaingia huku Marekani juzi kutoka Singida. Anasema amekuja kumwona binti yake. Mimi najua amekuja kukagua. Alishaambiwa kwamba mkwewe siku za mapumziko hatoki, anashinda kwenye kochi akiangalia vipindi vya mapishi (ni kweli, sikatai). Kwa hiyo leo nilitaka kitu kimoja tu: akipiga simu nyumbani, aseme mtoto wake ameolewa na mtu anayejua kutunza watu.

Asubuhi mke wangu alikuwa anawahi shifti hospitalini, mjini Saint Paul. Akaniambia unga upo, mchicha upo, nyama iko kwenye friza, na nisijifanye mjuaji. Nikamwambia aende salama. Ugali mama anaula Singida kila siku ya Mungu. Atoke kote huko aje huku kwetu Fridley kula ugali tena? Nikaamua nimwonyeshe Marekani.

Na Marekani, wadau, ni sandwichi. Kiwandani kwetu kila mtu ana yake. Kuna za baridi, kuna za moto, kuna ndefu kama mkono. (Iko moja wanaimwagia viazi vya kuponda na mchuzi wa nyama juu, inaliwa kwa uma, na bado wanaiita sandwichi. Nimebishana nao mpaka nimechoka.) Msimamizi wangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, mchana anakula mkate wa siagi ya karanga na jamu, na maisha yanamwendea vizuri tu.

Basi nikaingia jikoni. Nikatengeneza ya samaki wa kopo. Ya mayai. Ya jibini iliyoyeyushwa kwenye kikaango. Ya kuku na parachichi. Na moja ya ghorofa tatu, nikaichoma vijiti vya meno isiporomoke, kama nilivyoona kwenye runinga. Nikazikata pembetatu, nikazipanga kwenye sinia. Nikapiga na picha (nimeshaifuta, msiniombe).

Saa sita nikamkaribisha mezani. Mama akalitazama lile sinia, akasema, "Ahsante, baba." Akala kipande kimoja, taratibu, akauliza kama kuna chai. Nikachemsha mbio mbio. Akanywa, akaongeza kipande cha pili, akasifu mikate ya huku kwa ulaini. Kichwa kikanivimba. Halafu akainuka, akanawa mikono vizuri kwa sabuni, akarudi kukaa palepale mezani.

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikatoa vyombo. Nikamwambia akapumzike chumbani, akasema hapana, atasubiri tu. Nikajua anamsubiri binti yake. Nikajitupa kwenye kochi, usingizi ukanichukua.

Mama alikuja kuniamsha kwa adabu, akaomba nimpigie dada yake Singida. Nikabonyeza yale manamba ya kadi ya simu, nikampa, kisha nikajisogeza jikoni kumwachia nafasi. (Uongo. Nilitaka kusikia sifa zangu.) Wala sikuhitaji kutega sikio. Mama akiongea na watu wa mbali hupaza sauti kana kwamba simu haijawekwa umeme.

Alisema nyumba ni nzuri, ina joto. Alisema mkwe ana heshima. Nikatabasamu peke yangu pale kwenye sinki. Halafu upande wa pili wakauliza jambo, naye akajibu:

"Chai tumeshakunywa. Chakula ndiyo nasubiri. Sijui, dada, harufu bado sijaisikia, na mpishi mwenyewe alikuwa kalala. Nitamuulizaje, na yeye ni mkwe?"

Nilikuwa na ile ya mayai mdomoni. Nikaitema kwenye sinki.

Nikafungua friza. Nyama imekuwa jiwe, ungeweza kujengea msingi. Nikakumbuka jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, Mama Njeri, Mkenya, nesi, ambaye kila Jumamosi kama leo anapika sufuria la wiki nzima. Nikachukua bakuli mbili, nikampita mama nikisema naenda kutoa nguo kwenye mashine ya kufulia ya jengo. Akazitazama zile bakuli.

Mama Njeri nilimweleza yote, kwa kunong'ona, pale mlangoni. Nikamwomba anigawie ugali na nyama, nikavipange upya kwenye sahani zetu vionekane nimepika mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma. Akaninyang'anya bakuli zote mbili, akasema:

"Leta huyo mama akule huku. Wewe baki na hiyo mikate yako."