Maneno ya Nyuma ya Picha

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhulumiwa! Naandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko usilaumiwe.

Mkuu wa kitengo chetu cha programu amestaafu. Chumba chake kiko wazi. Chumba chenye mlango! Na dirisha! Mimi miaka tisa nimekaa meza ya karibu na choo, najua kila mfanyakazi anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Chumba kile ni changu. Kila mtu anajua isipokuwa Mkurugenzi.

Leo katuita kikaoni. Kasema Ijumaa wateja wetu wa idara ya maji wanakuja kuuona mfumo wa malalamiko tuliowajengea, na atakayewaridhisha zaidi ndiye atakayekuwa mkuu. Halafu akagawa kazi. Ramani za mabomba yaliyopasuka, zenye rangi, zinazosogea ukizigusa: Kipenga. Mimi: emoji.

Emoji! Mtu mzima mwenye ndevu zangu!

Jina la Kipenga nimempa mimi, kwa sababu akifanya kazi hupiga mluzi kupitia mwanya wake. Watu husema mwanya ni uzuri. Mimi nasema ni tundu la upepo. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, miaka miwili iliyopita, na leo anapewa ramani. Asante ya punda ni mateke.

Shida yenyewe ni hii. Kompyuta za idara ya maji ni kuukuu, hazijui emoji. Kila emoji huonekana kama kisanduku kitupu. Wiki iliyopita mteja aliyekosa maji alituma nyuso kumi na moja za hasira. Karani akaona visanduku kumi na moja. Akamjibu kwa adabu kwamba idara haiuzi masanduku. Sasa natakiwa kila emoji niigeuze picha, ili ionekane hata kwenye kompyuta ya bibi yake karani.

Jumanne, 5 Machi

Nimemaliza kabla ya chai ya saa nne! Mistari thelathini tu. Programu inaupitia ujumbe, ikikuta emoji inaiondoa na kuweka picha mahali pake. Nikaiingiza kwenye mfumo wa majaribio bila kumwonyesha mtu, maana wezi wa sifa ni wengi. Nikaenda kupita mbele ya kile chumba. Nikapima dirisha kwa macho. Pazia la bluu litafaa.

Saa tano, kelele. Dada anayejaribu mifumo hapa ofisini analalamika kwamba namba zote zimetoweka. Namba za simu, za mita, tarehe, zote! Kumbe kwenye orodha rasmi ya emoji, tarakimu sifuri hadi tisa nazo zimo. Programu yangu ilizikamata, ikazitafutia picha, picha hazipo. Nani alitia tarakimu kwenye emoji? Ningemjua, ningemfuata kwao.

Kipenga akaja. Akatazama. Akaongeza neno moja kwenye mstari wa kumi na mbili, namba zikarudi. Nikamwambia nilikuwa nimeshaliona kosa hilo. Akasema anajua.

Anajua! Dharau hiyo naiandika hapa nisije nikaisahau.

Jumatano, 6 Machi

Picha ziko tisini na sita. Nimezipanga zote. Sasa fremuweki, yaani kiunzi tunachojengea programu, imegoma. Haipokei picha isiyo na maneno mbadala, yaani maelezo mafupi ambayo hukaa nyuma ya picha. Picha ikifunguka vizuri, maneno hayo hayaonekani. Yako tu, kama vumbi nyuma ya kabati. Tisini na sita! Kazi ya kumpa adui.

Kipenga kapita hapa kwenye meza yangu. Eti niyaandike vizuri, yana watu wake. Akajitolea kuandika nusu. Nikamkatalia. Nimemgundua: anataka kutia mkono ili Ijumaa aseme kazi ni ya wawili.

Nilianza kwa uadilifu. Uso unaotabasamu. Uso unaolia. Nilipofika picha ya sita, Mkurugenzi akapita. Nikamwomba likizo ya siku mbili mwezi ujao. Akasema kwanza nimalize vikatuni vyangu. Vikatuni! Damu ikanichemka. Picha ya saba ilikuwa uso mwekundu wa hasira. Nikaandika: Mkurugenzi akiombwa likizo.

Jamani, raha iliyoje! Sikuweza kuacha tena. Uso wenye meno yote nje: Kipenga mbele ya kioo. Moyo mwekundu: kitu ambacho Mkurugenzi hakuzaliwa nacho. Lundo la kinyesi: mchango wa Kipenga kikaoni. Mikono iliyokutanishwa: wafanyakazi wakiomba Mkurugenzi ahamishwe. Nikaenda hivyo hivyo hadi ya tisini na sita. Fremuweki ikapokea yote bila kinyongo. Miaka tisa sijafanya kazi kwa moyo namna hii.

Naishi kwa dada yangu mkubwa, mshonaji. Nilipomsimulia, alisema, pini zikiwa mdomoni, kwamba hasira hasara. Sitaki methali kutoka kwa mtu anayepima viuno. Nilimwambia hivyo. Nimekula mkate mkavu.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu si Athumani! Katibu muhtasi kanidokeza kwamba mwenyekiti wa bodi ya idara ya maji ni mama wa makamo ambaye haoni kabisa. Kompyuta yake humsomea kila kitu kwa sauti. Nikaelewa papo hapo. Ramani za Kipenga kwisha habari yake! Hizo rangi atamwonyesha nani?

Nikafanya mipango. Kwanza, nimemwomba Mkurugenzi nianze mimi. Kakubali haraka, nadhani anataka emoji zipite upesi. Pili, kompyuta ya mama huyo sauti yake ni ndogo, kwa hiyo nimeazima kwa mtunza stoo zile spika mbili kubwa za sherehe. Ukumbi mzima utasikia kazi yangu. Nimezijaribu kwa kutaja jina langu. Vioo vilitetemeka. Kipenga hajafikiria hata waya.

Jioni kaniuliza kama maelezo ya picha yako sawa. Nikamjibu kwamba hajawahi kuona maelezo kama yale.

Ijumaa, 8 Machi

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Hata sakafu ya ofisi hii haina ushirikiano.

Mama Mwenyekiti alikaa mbele. Nikamvutia kiti. Nikachomeka waya wa spika kwenye kompyuta yake kwa mkono wangu huu huu. Akafungua lalamiko la kwanza. Sauti ya kike, kavu, ikajaa ukumbini:

“Bomba la mtaa wetu limepasuka siku ya tatu sasa. Mkurugenzi akiombwa likizo. Mkurugenzi akiombwa likizo. Mkurugenzi akiombwa likizo.”

Kumbe kompyuta husoma hata maneno ya nyuma ya picha! Nikacheka peke yangu. Nikasema ni hitilafu ya spika. Mama akabonyeza la pili.

“Maji yamerudi, asanteni sana. Kipenga mbele ya kioo. Kitu ambacho Mkurugenzi hakuzaliwa nacho.”

Nikaurukia waya nikauchomoa. Haukuwa wenyewe. Projekta ikazimika, spika zikabaki. La tatu lilikuwa lile la kinyesi, na lilisikika hadi kwa mlinzi wa getini.

Kipenga alifunika mdomo kwa kiganja, akainamia viatu vyake, na hakuuondoa mkono ule hadi mwisho wa kikao. Hilo, sijui kwa nini, lilinikera kuliko yote.

Mama akauliza nani aliyeandika. Nikamtazama Kipenga. Wengine wote wakanitazama mimi. Nikasema ni mimi, mama.

Akasema, taratibu, kwamba kwa miaka ishirini na mbili akikutana na picha husomewa neno “picha” tu, kwa sababu hakuna anayejali kuandika. Mimi ndiye mtu wa kwanza kumwandikia kila moja bila kuruka. Nikaanza kutabasamu. Akaendelea kwamba niliandika nikidhani nyuma ya picha hakuna mtu, kumbe huko ndiko anakoishi yeye.

Uso uliniwaka. Kwa dakika nzima niliona aibu, aibu ya kweli. Kisha Mkurugenzi akatangaza hapo hapo kwamba mkuu wa kitengo ni Kipenga. Aibu ikatoka, hasira ikarudi kukaa mahali pake.

Sijafukuzwa. Mama mwenyewe kakataa. Ametaka niyaandike maelezo yote upya, kisha nimsomee kwa simu, moja baada ya jingine.

Jumapili, 10 Machi

Kazi imekwisha. Jana nilimsomea mama yote tisini na sita, akanisahihisha kumi na manne. Uso wa hasira ameusifu: uso mwekundu, nyusi zimeshuka, mdomo umekunjwa. Nilijiangalia kwenye kioo nikaunakili.

Kesho asubuhi namkabidhi Kipenga seva, ile kompyuta kuu ninayoitunza mimi, funguo na kila kitu. Katuma ujumbe wa kistaarabu, eti tutakunywa chai huku tunakabidhiana, na eti bado anahitaji ujuzi wangu. Nimeusoma mara tano. Ustaarabu ule ni matusi matupu!

Dada kaniuliza nimejifunza nini. Nimemjibu: mengi. Nimejifunza kwamba maneno mbadala husomwa, basi huko siandiki tena. Mwenye akili hutafuta mahali ambapo hapasomwi na kiumbe yeyote. Na nimepapata. Nywila, lile neno la siri la kufungulia kompyuta! Ukiiandika inageuka nukta. Hata kompyuta ya Mama Mwenyekiti haiwezi kuitamka.

Kwa hiyo mchana huu nimeingia kwenye seva nikabadilisha nywila kuu. Herufi arobaini na moja. Jina la Kipenga limo, la Mkurugenzi limo, na kuna mnyama mmoja simtaji. Nimecheka hadi dada akaacha cherehani akaja kuchungulia.

Simpi mtu nywila hiyo kirahisi. Kipenga akiitaka kesho, aniombe mbele ya Mkurugenzi, tena aniombe vizuri. Hapo nitasimama na kumsomea mwenyewe, kwa sauti, herufi moja moja.