Punda wa Safu ya Kwanza

Jumatatu, 14 Julai

Siku mbaya. Punda wangu amekataa kuwa punda.

Klabu yetu ya kompyuta inatengeneza gemu la msafara wa zamani, kutoka Tabora hadi Ujiji. Mwalimu Benjamini anaandika programu. Sisi wanafunzi tunachora vigae, yaani vipicha vidogo vya mraba vilivyojengwa kwa vidoti, kama magemu ya zamani. Ukirudia kigae kimoja cha nyasi unapata mbuga nzima. Vigae vya nani vitatumika? Mwalimu atasema Alhamisi. Jumamosi wazazi watakuja kuona, na jina la mchoraji litatokea mwanzoni.

Lazima liwe langu. Mama amesema waziwazi: nisipochaguliwa naacha klabu, na jioni namsaidia kuuza mchele kibandani kwake Isevya. Anasema hajawahi kumwona mtu aliyeshiba vidoti.

Recheli alipita nyuma ya kiti changu. Akauliza hicho kigoda chenye masikio ni cha nani. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kwa aibu. Punda wake yeye anatembea. Anatikisa mkia!

Jumanne, 15 Julai

Nimepata mpango.

Nilikuwa nahangaika na uso wa yule punda. Nikapanua paji. Nikaongeza miwani. Nikaacha pengo kwenye meno. Mungu wangu, Mwalimu Benjamini! Punda amenishinda wiki nzima, Mwalimu amekuja mwenyewe bila kuitwa. Ila masikio ya punda yalikuwa bado yapo.

Nilitaka kufuta. Ndipo nikakumbuka utani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi wetu kushuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anakuita punda, unamwita gunia, mnacheka, mnakula. Kununa ni mwiko. Na Mwalimu ni Mzaramo: haipiti siku bila "nilipokuwa Kisarawe". Utani wa msafara ndani ya gemu la msafara! Hiyo ni historia kabisa. Atacheka, na mtu aliyekwisha kucheka hawezi kuchagua vigae vya Recheli.

Vigae vyote hupangwa kwa safu kwenye faili moja; nimemweka mwanzo kabisa wa safu ya kwanza, ili akifungua faili amwone kabla ya vingine vyote. Vingine nimevisogeza mbele kidogo. Flashi nimemkabidhi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshinda!!

Nimeshinda vibaya.

Mwalimu alisema amenichagua kwa kazi aliyoiona wiki iliyopita, ule ukingo wa Mto Malagarasi. Alisema maji na nchi kavu vimeungana kama vimezaliwa pamoja. Flashi yangu hajaifungua, maana umeme umekatika tangu jana. Kwa hiyo punda hakuhitajika hata kidogo.

Nilikwenda ofisini kuiomba ile flashi. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kama kuna kosa limebaki. Nikajibu kwamba hakuna, nimekuja tu kushukuru. Akaweka kalamu chini. Akasema katika miaka yake ya kufundisha ni wachache waliorudi kushukuru. Baada ya maneno hayo, ningeanzaje?

Recheli alinipa mkono. Alisema hongera, Koleta, hata kigoda kina siku yake.

Basi. Mwalimu ni mtani. Atacheka.

Jumamosi, 19 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Mama alifunga kibanda akaja amevaa kitenge cha Krismasi. Alikuwepo mgeni rasmi kutoka ofisi za wilaya kule Isikizya. Umeme ulirudi wakati mgeni anakaribishwa, hivyo flashi yangu ilitoka mfukoni mwa Mwalimu moja kwa moja hadi kwenye projekta. Jina langu likatokea. Wazazi wakapiga makofi. Mama akamgusa jirani yake akamwonyesha.

Halafu nchi ikafunguka.

Programu haijui nyasi ni nini. Inajua tu kwamba kigae cha kwanza ndicho cha ardhi. Na kigae cha kwanza alikuwa Mwalimu. Kutoka Tabora hadi Ujiji, Mwalimu! Miwani, pengo, masikio, miwani, pengo, masikio, hadi ukutani. Vingine vyote vilikuwa vimesogea: Malagarasi imejaa mchanga, na nyumba za Ujiji ni maji matupu. Wapagazi wakaanza safari huku wanamkanyaga Mwalimu kwenye paji la uso.

Kitoto fulani kilianza kupiga kelele kwamba Mwalimu huyu hapa, na huyu, na huyu. Baba yake Recheli akauliza kwa sauti kama huo ni ugonjwa wa udongo. Mkuu wa shule alifunga macho. Mwalimu alisimama tu na rimoti ya projekta mkononi.

Ningenyamaza! Lakini nilisimama. Nikatangaza mbele ya ukumbi wote kwamba jamani, ni utani tu, Mwalimu ni Mzaramo.

Mwalimu akasema taratibu kwamba yeye ni Mnyiha wa Mbozi. Kisarawe alipangiwa kazi tu.

Aliyecheka ni mmoja, mgeni rasmi. Kumbe Mzaramo ni yeye. Alicheka mpaka akaletewa maji.

Jumapili, 20 Julai

Misani sikuweza kuinua kichwa. Kila mwenye miwani alinitisha.

Mama alisubiri hadi tunapika. Ndipo akasema kwamba yeye amewahi kumwona Mwalimu mara moja tu, kwenye kikao cha wazazi, lakini jana alimtambua pale ukutani kabla hata mtoto yeyote hajapiga kelele. Nikainua macho. Akaniambia nisitabasamu. Kesho nikaombe radhi. Mwalimu akinifukuza, kibanda kinanisubiri, na yeye hatamlaumu.

Nimeona haya mpaka masikioni. Nimejivunia pia, kidogo sana. Hilo nalo limenitia haya.

Jumatatu, 21 Julai

Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, sakafu ina vumbi.

Sio punda aliyemwumiza, alisema. Asubuhi ile ya Jumamosi alimsimulia mgeni wa Isikizya habari za binti mmoja mwenye jicho la ajabu, na alikuwa na hamu ya kumwonyesha. Tena alisema tumekaa naye muhula mzima, jioni kwa jioni, na sikumwuliza hata siku moja kwao ni wapi. Nilikisia tu.

Nililia. Akanipa karatasi ya mtihani wa zamani nifutie pua.

Hukumu: nabaki klabu. Lakini mpaka shule ifungwe nitachora nyasi tu. Punda, watu, nyumba, mto, vyote vya Recheli. Jina lake litatangulia. Mama alipoambiwa aliguna, akasema nyasi ni saizi yangu. Hiyo ni ruhusa!

Nimeahidi mbele ya Mungu na Mwalimu: sitakisia mtu tena.

Alhamisi, 24 Julai

Nyasi. Nyasi ndefu, nyasi fupi, nyasi za kiangazi. Nafanya kwa unyenyekevu. Mwalimu alipita akasema zimetulia. Moyo wangu ulifurahi.

Recheli naye alipita. Akaniuliza kama nimepeleka mbuzi malishoni. Nikaendelea kuchora. Nimekomaa sasa.

Ila kwenye zile nyasi za kiangazi kuna vidoti viwili vinavyokaa kama macho. Nimeongeza kimoja, kikawa pua. Pua ya Recheli hasa, ile iliyoinuka. Asiyejua hawezi kuona, ni majani tu. Na hatakasirika: kwao ni Igunga, kwa hiyo ni Msukuma, na Wasukuma ni ndugu zetu wa damu. Sijamwuliza, lakini mtu wa Igunga atakuwa nani mwingine?

Nimeweka safu ya kwanza. Ndipo nyasi zinapokaa.